Walinzi wa Popo wa Pemba

Kisiwa cha Pemba si kigeni kwetu sisi watu wa pwani ya Kenya. Vanga, Shimoni, Mombasa na Kilifi kuna nyumba nyingi ambazo babu au bibi alivuka bahari kutoka huko, na mwaka 2023 serikali yetu iliwatambua rasmi Wapemba waishio Kwale na Kilifi kuwa raia wa nchi hii. Waarabu wa zamani walikiita kisiwa hicho Al-Jazira Al-Khadhraa, Kisiwa cha Kijani, na kila anayekifikia huona mara moja kwamba jina hilo limemstahili mwenyewe: vilima vinafuatana na mabonde ya mpunga, na mikarafuu imejipanga mpaka ukingoni mwa barabara.

Wengi wetu tukienda Pemba huenda kwa arusi, kwa matanga au kwa biashara. Safari hii tulikwenda kwa haja nyingine, sisi akina mama wachache pamoja na watoto wetu. Tulitaka kuwaona watu wa vijijini ambao kwa miaka mingi wamejitolea kumlinda na kumhesabu mnyama ambaye wengine hawapendi hata kumtaja jina usiku. Mnyama huyo ni popo.

Mkaazi wa kisiwa kimoja tu

Kutoka Mombasa tulipita Lunga Lunga hadi Tanga, kisha tukavuka bahari. Mkondo unaotenganisha Pemba na bara una upana wa kiasi cha kilomita 50, na kina chake ni kirefu mno. Unguja iliwahi kuungana na bara zamani, maji ya bahari yalipokuwa chini, lakini Pemba imekaa peke yake kwa muda mrefu zaidi. Ndiyo sababu ina viumbe vyake vyenyewe. Kuna ndege wasiopatikana pengine, kuna mpapindi katika msitu wa Ngezi, na kuna popo huyu.

Wataalamu humwita Pteropus voeltzkowi, kwa jina la Mjerumani Voeltzkow, na maelezo yake ya kwanza ya kitaalamu yalichapishwa mwaka 1909. Wapemba wenyewe humwita popo tu. Lakini asidhani msomaji kwamba ni sawa na wale wadogo wanaojificha darini kwetu. Akikunjua mbawa zake, upana kutoka ncha hadi ncha huweza kupita mita moja na nusu. Mbawa ni nyeusi, manyoya ya mwili ni mekundu yenye rangi ya kutu, na uso wake ni kama wa mbwa mdogo, mwenye macho makubwa ya kahawia. Hakai mapangoni. Hulala juu ya miti mirefu mchana kweupe, akining'inia kichwa chini, na usiku hutafuta chakula kwa macho na kwa kunusa.

Jamaa zake wametapakaa kutoka visiwa vya Pasifiki na Australia, wakapita India, Madagaska, Ngazija na Shelisheli. Katika upande wetu wa dunia, Mafia na Pemba ndizo kikomo chao. Bara la Afrika hawakulikalia kabisa. Kwa hivyo mtu akiwaona Pemba, huwa amesimama kwenye ukingo wa magharibi wa ukoo mzima, na anamtazama mkaazi ambaye hana nyumba ya pili. Popo huyu akitoweka Pemba, ametoweka duniani.

Hilo si jambo la kubuni. Katika kisiwa cha Morisi palikuwa na popo mdogo wa ukoo huohuo, na karne ya 19 alimalizika asibakie hata mmoja.

Jinsi walivyokaribia kwisha

Mwaka 1989 wataalamu waliokwenda Pemba kumtafuta popo huyu waliambulia wachache mno, ikahofiwa kwamba amefika ukingoni mwa kuangamia. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kukatwa kwa miti mikubwa, kwa ajili ya mashamba, mbao na kuni. Ya pili ni uwindaji. Mitego ya zamani ilikamata popo mmoja mmoja, lakini bunduki za risasi za marisau zikipigwa chini ya mti ambao popo wamelala pamoja kwa mamia, huangusha wengi kwa mara moja na kuwatawanya waliosalia.

Tuzingatie pia namna wanavyozaana. Popo wa ukoo huu kwa kawaida huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka. Mama humbeba mtoto kifuani, akiwa amemng'ang'ania, mpaka awe mzito wa kubebeka. Risasi inayompata mama humpata na mtoto. Kuku aliyechinjwa leo nafasi yake hujazwa na vifaranga wa mwezi ujao, lakini popo aliyeuawa nafasi yake huchukua miaka kujazwa.

Mwaka 1995 ulianza mpango wa kumhifadhi, ukiwaunganisha maofisa wa misitu wa Zanzibar, shirika la Uingereza lililokuwa likiitwa Fauna & Flora International, na wanavijiji wenyewe. Mwaka huohuo, kwa sadfa, ndio uliokuwa mwaka wa hofu kubwa ya Popobawa, ambapo watu wa Pemba na Unguja walilala nje kwa makundi wakiogopa jini aliyepewa jina la bawa la popo. Basi fikirini uzito wa kazi ya wale waliokwenda shuleni na mitaani wakati ule, wakiwaomba watu wamhurumie popo.

Mwaka 1996 popo wa Pemba aliandikwa katika orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka. Ulipofanywa uchunguzi wa kisiwa kizima mwaka 2007, walihesabiwa zaidi ya 20,000. Daraja lake la hatari likashushwa ngazi mbili. Katika habari za uhifadhi, ambazo aghalabu ni habari za kupoteza, huu ni mfano wa kitu kilichorudi.

Chini ya miti ya Kidike

Kidike iko kaskazini ya mji wa Chake Chake, kando ya njia kuu iendayo Wete. Ukiacha lami, njia ya udongo inapita baina ya mihogo, migomba na mikarafuu, na kabla hujawaona popo utawasikia. Ni kelele ya kugombana isiyokwisha, kama ya sokoni asubuhi. Kisha unainua macho na kuona mti mzima umebeba matunda meusi makubwa, na matunda hayo yanajipepea. Katika joto la adhuhuri popo hujipepea kwa mbawa zao kama bibi mwenye kipepeo, na wengine hujilamba ili wapoe.

Watoto wetu, waliokuwa wakichekana njiani kwa hofu, walinyamaza wenyewe. Mwenyeji wetu, mtu mzima wa makamo aliye mmoja wa kikundi cha kijiji, alikuwa amekwisha kutupa masharti: tusipige kelele, tusirushe kitu, tusipige makofi ili waruke. Alitufafanulia kwamba popo akishtuliwa mchana hupoteza nguvu aliyoihifadhi kwa safari ya usiku, na mama aliyeruka kwa ghafla huweza kumwangusha mtoto. Mgeni hulipa kiingilio, na fedha hizo husaidia kikundi na kijiji. Lakini wageni si wengi, na kiingilio peke yake hakimtoshi mtu kuacha shamba lake akakaa mlinzi. Tulichokiona Kidike ni watu wenye mashamba na watoto, ambao wameongeza kazi hii juu ya kazi zao.

Kazi yenyewe ni ipi? Kwanza ni kuujua kila mti wanaoulalia popo na kuuzuia usikatwe. Pili ni kuwatambua wanaokuja na bunduki au mitego, kuwazuia kwa maneno, na wasiposikia kuwapelekea habari sheha na watu wa misitu. Tatu ni kuzungumza na jirani ambaye maembe yake yameliwa. Nne ni kuhesabu.

Jambo lililotugusa zaidi ni habari ya makaburi. Baadhi ya malalo ya popo kisiwani yamo katika vichaka vinavyozunguka makaburi ya zamani. Mtu hakati mti pale kwa kuwaheshimu waliolala chini yake, na kwa heshima hiyo miti ikawa mirefu mahali ambapo kwingine imekwisha. Popo wakaikimbilia. Wazee waliokataza shoka lisiingie makaburini hawakuwa na nia ya kumhifadhi mnyama yeyote. Waliwafanyia adabu maiti wao, na katika kivuli cha adabu hiyo kiumbe kizima kikapata pa kujificha.

Hesabu ya jioni

Kuhesabu popo ni kazi inayohitaji subira kuliko ilmu kubwa. Mchana wahesabuji huugawa mti kwa matawi, kila mmoja akapewa sehemu yake, kisha huhesabu kwa makumi na kulinganisha tarakimu zao. Zikitofautiana sana, hurudia. Jioni kazi hubadilika, kwa kuwa popo hutoka kwa pamoja giza linapoanza kuingia, na hapo kila mhesabuji hupewa upande wake wa mbingu ili popo mmoja asihesabiwe mara mbili.

Saa ile inakaribiana sana na Magharibi. Tulisimama pembeni tukawatazama popo wakianza kutoka mmoja mmoja, kisha kumi kumi, kisha wakawa kama moshi uliotawanywa na upepo. Hawakuruka kwa kupapatika kama popo wadogo. Walipiga mbawa polepole, kwa utulivu, kama kunguru arudiye kwake, wakaelekea kila pande ya kisiwa. Watoto wetu walijaribu kuhesabu nao, na kila mmoja alitoka na idadi yake. Mwenyeji wetu akacheka, akawaambia kwamba ndiyo maana hesabu ya mtu mmoja haiaminiwi.

Tulimwuliza faida ya taabu yote hiyo, maadamu popo wanaonekana kwa macho kuwa wako tele. Jibu lake lilikuwa fundisho. Macho hudanganya. Miti ya vijiji vitano ikikatwa, popo wa huko watakuja kurundikana katika mti wako mmoja, nawe utafurahi ukidhani wameongezeka, kumbe wamepungukiwa na makao. Hesabu ya lalo moja haina maana mpaka iwekwe pamoja na ya malalo mengine, na ya mwaka huu haina maana bila ya mwaka jana. Sehemu kubwa ya popo wa Pemba hulala katika malalo machache tu, kwa hivyo msumeno mmoja ukiingia mahali pamoja huweza kuharibu kazi ya miaka.

Hukumu na ulinzi

Huenda msomaji akauliza: je, katika jamii ya Waislamu, ilikuwaje popo akawindwa kwa kuliwa? Wanavyuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa pwani yetu, akiwemo Imam Nawawi, wamemtaja popo miongoni mwa wasioliwa. Zaidi ya hayo imepokewa kutoka kwa sahaba Abdallah bin Amr kauli inayokataza kumuua. Na sote tunajua mafundisho ya Sura ya Al-An'am kuhusu wanyama na ndege, kwamba wao nao ni umma kama tulivyo sisi.

Pamoja na hayo yote, baadhi ya watu walimla, wengine wakaona ni mazoea ya wazee, na wengine hawakula lakini hawakuona vibaya jirani akiwinda. Hukumu ilikuwa vitabuni na popo wakawa wanakwisha mitini. Hapo ndipo tulipoelewa uzito wa kazi ya watu hawa. Kuijua haki ya kiumbe ni jambo moja, na kutoka nyumbani kwenda kuisimamia ni jambo jingine. Mtu anayejitolea ndiye anayeunganisha mambo hayo mawili.

Tusiwaonee pia wakulima. Popo hula maembe, hula shelisheli, na hasara ya mwenye mwembe mmoja ni hasara ya kweli. Watu wa kikundi hawaikanushi. Wanachofanya ni kumwonyesha jirani upande wa pili wa hesabu: kwamba popo hula pia matunda ya mikuyu na ya miti ya mwituni, humeza mbegu ndogo na kuzidondosha mbali akiwa angani, na hivyo hupanda miti pale ambapo hakuna mtu aliyepanda. Akinywa maji matamu ya maua, hubeba chavua kutoka ua hadi ua.

Na sisi je?

Popo wa Pemba hatunaye, lakini tuna popo wetu. Wamo katika mapango ya mawe ya matumbawe ya Shimoni na Fikirini, wamo katika vichaka vya kaya, na wamo katika dari za nyumba zetu. Na tunawadai kidogo kuliko wanavyotudai.

Chukueni mabuyu, ambayo akina mama wengi wa Mombasa na Malindi huyapika kwa sukari na rangi, wakasomesha watoto kwa faida yake. Ua la mbuyu hufunguka magharibi, jeupe, likining'inia chini mahali ambapo popo wa matunda hulifikia kwa urahisi. Katika nchi zetu popo hao ndio wachavushaji wake wakubwa. Msufi nao, uliojaza mito ya bibi zetu, maua yake hufunguka usiku na hutembelewa na popo. Na wale wadogo wa darini, wasiogusa tunda, kazi yao usiku kucha ni kula wadudu.

Makaburini kwetu pia kuna mibuyu mikongwe. Kila mara hutokea mtu mwenye bidii akapendekeza ikatwe ili mahali paonekane pasafi. Kusafisha makaburi ni jambo jema, lakini mbuyu wa miaka mingi si taka. Kabla shoka halijainuliwa, na aulizwe anayejua nani analala juu yake na nani anakula kwake.

Ama kuhusu maradhi, haifai kuficha ukweli. Popo huweza kubeba virusi. Mwaka 1980 na mwaka 1987 wageni waliozuru pango la Kitum, Mlima Elgon, walipatwa na homa ya Marburg. Kwa hivyo watoto wafundishwe wasimshike popo aliye hai wala mfu, wasiingie katika mapango wanayokaa popo, na tunda lililoumwa litupwe, na zima lioshwe kabla ya kuliwa. Aliyeumwa au kukwaruzwa na popo aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi na aende hospitali siku hiyohiyo. Walinzi wa Kidike hawawagusi popo wao. Wanawatazama kwa mbali, na umbali huo ndio unaowafaa popo na unaotufaa sisi.

Kuwachoma moto au kuwafukizia moshi mapangoni hakuondoi maradhi. Huwatawanya tu, wakahamia paa za watu. Na aliyechoshwa na popo wa darini angoje jioni watoke, kisha azibe tundu, akihakikisha kwanza kwamba ndani hamna watoto wasioweza kuruka.

Tungependa kila familia inayosoma maneno haya ianze na jambo dogo. Chagueni jioni moja ya juma, giza linapoanza kuingia, mkae barazani na watoto mkitazama upande mmoja wa mbingu. Hesabuni popo watakaopita kwa muda wa robo saa, andikeni idadi na tarehe katika daftari, kisha mwende mkaswali. Fanyeni hivyo kila juma. Baada ya mwaka mtakuwa na daftari lenye habari za mtaa wenu ambazo hakuna mwingine anazo, na watoto watakuwa wamejifunza kumtazama kiumbe bila kumtupia jiwe.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awalipe kheri walinzi wa Pemba, wanaojulikana na wasiojulikana, na atujaalie nasi kuwa waaminifu kwa amana iliyo juu ya miti yetu. Wabillahi tawfiq.